Kipimo cha DNA kimesema mchumba wangu hana S. Tupange harusi?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Mimi ni AS, yaani nabeba S, jeni ya selimundu, kwa mzazi mmoja tu; nilijua tangu niko shule. Mchumba wangu juzi alipimwa kwa kile kifaa kidogo cha DNA, unatia tone la damu kisha unangoja taa iwake. Kikasema hana S. Babake ni Mswahili wa Mji wa Kale, mamake Mkachhi. Nyumbani wanasema DNA haidanganyi, tusijisumbue tena. Kweli? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Aleikum salaam, dada yangu. Kwanza mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Na hiyo "DNA haidanganyi" naisikia mpaka imenichosha. Haidanganyi, sawa. Lakini haijibu ambalo haikuulizwa.

Ndani ya vifaa vya aina hiyo mara nyingi mna uzi mfupi wa DNA uliotengenezwa maabara, umejikunja kama pini ya nywele. Ncha moja ina rangi inayong'aa, ya pili ina kitu cha kuizima, kwa hivyo zikikaribiana ni giza. Uzi ukikutana na mwenzake wa kulingana herufi kwa herufi, pini hufunguka na mwanga hutoka. Wanasayansi Tyagi na Kramer waliueleza ubunifu huu mwaka 1996. Utamu wake ni kuwa herufi moja tu ikipishana, pini huona heri ibaki imejikunja. Na S ni herufi moja kweli: kwenye jeni ya beta-globini, inayotengeneza sehemu ya himoglobini (kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni), kromosomu ya 11, herufi za DNA GAG zimegeuka GTG. Herufi moja kati ya kama bilioni 3! Miaka yote hii bado hunistaajabisha. Ila joto lazima liwe sawasawa. Likishuka, uzi humkubali hata asiye wake. Likizidi, humkataa hata wa haki. Mahali ambapo stima inakwenda na kurudi na hakuna anayelipima joto hilo, mimi taa hiyo siiamini.

Sasa mchumba wako. Kifaa kiliulizwa, "Pana GTG hapa?" Kikasema hapana. Ukimtuma kijana sokoni aulize kama kuna nguru, akarudi na "hakuna", hujaambiwa lolote kuhusu changu.

Changu wetu hapa ni thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hautengenezi himoglobini ya kutosha. Iko kwenye jeni ile ile, lakini mabadiliko yake yanayojulikana ni zaidi ya 200, yametapakaa huku na huku, na imeenea Gujarat kule India, Kutch ya asili ya Wakachhi ikiwemo, na Sindh ya Pakistan vilevile. Anayeibeba huwa mzima, hana habari. Kama mwenzako anaibeba, kila mimba yenu itakuwa na uwezekano wa robo wa mtoto kurithi S kwako na thalasemia kwake. Huo pia ni selimundu, na aina nyingine yake ni kali sawa na SS, yaani aliyerithi S kwa wazazi wote wawili.

Anachohitaji ni vipimo vya zamani: hesabu kamili ya damu, watazame ukubwa wa chembe nyekundu, kisha kutenganisha himoglobini. A2, aina moja ya himoglobini, ikizidi asilimia 3.5, thalasemia inashukiwa. Upungufu wa madini ya chuma nao hufanya chembe ziwe ndogo na huweza kuishusha A2, kwa hivyo ukiwepo utibiwe kwanza.

Na afadhali nyinyi mlitoa damu. Kuna wenye mashine ya kushika kiganjani, dakika moja inakutapikia kurasa kumi za magonjwa "ya DNA". DNA imo ndani ya seli, bwana! Hawakuchukua damu, hawakuchukua mate. Wamesoma nini, jasho la kuogopa bei? Mtu akikuuzia kipimo chochote cha jeni, muulize alitafuta badiliko lipi, na siku hiyo alipima pamoja nawe damu gani inayojulikana ina S na ipi haina. Akianza kukuonyesha bango la ukutani, chukua mkoba wako uondoke.

Mchumba wako aende na ile karatasi ya majibu, hakuna ubaya. Wasiisome tu badala ya kumtoa damu.