Mchango wa kampeni si mchango wa harusi

Sisi tukishakubaliana jambo hatuna maneno mengi. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, orodha inaanza kushuka: jina, ahadi, ametoa, bado. Ndivyo tulivyofanya hapa Columbus, Ohio, mwaka 2024, tulipotaka kumsaidia mgombea mmoja wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Siku nne tu, dola 1,850. Mweka hazina nilikuwa mimi.

Tulitaka kutuma kwa posta vipeperushi 2,000 vya Kiswahili. Picha ya mgombea niliichukua kwenye tovuti yake, na aya mbili za sera zake nikazitafsiri zilivyo. Kisha, kwa adabu tuliyolelewa nayo, nikaona si vizuri kuchapa kabla wenyewe hawajaona. Nikamtumia ofisa wa kampeni, nikamuuliza na mitaa ipi tuanze nayo.

Haikupita dakika, simu ikalia. "Kaka, sijafungua ulichonitumia, na usiniambie kina nini."

Niliudhika. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananiokoa. Kwenye uchaguzi wa shirikisho (wa majimbo una sheria zake), ukitumia pesa zako kumpigia debe mtu bila kushauriana naye wala watu wake, hakuna kikomo. Mahakama ya Juu ilisema hivyo tangu 1976 katika kesi ya Buckley v. Valeo, na mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, mlango ukafunguliwa hata kwa makampuni. Lakini mkishauriana, gharama ile inahesabika kama umempa mgombea mkononi. Hapo kikomo kipo: mwaka ule dola 3,300 kwa mtu, mchujo mbali na uchaguzi mkuu mbali.

Kilichonishangaza zaidi ni ile picha. Hata ningekaa kimya, kuchapa upya vitu vilivyotengenezwa na kampeni huhesabiwa mchango kwa anayelipia. Na kundi letu lenyewe lilikuwa na kasoro: kikundi ambacho kazi yake ni uchaguzi kikivuka dola 1,000 kwa mwaka, kina siku 10 za kujisajili kwenye Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC. Juu ya hayo, kijana mmoja aliyetoa dola 100 yuko hapa kwa viza ya masomo. Asiye raia na asiye na green card haruhusiwi kuchangia wala kutumia pesa zake, hata akiwa peke yake.

Tukarudisha zote. Kurudisha mchango kuna aibu kuliko kuuomba.

Wakubwa wana njia yao. Kampeni inaweka kwenye tovuti kijisanduku chenye mpaka mwekundu: wapigakura wa eneo fulani "wanahitaji kusikia" jambo fulani. Kamati za nje, zile zinazotumia pesa bila kuwa chini ya mgombea, zinasoma, tangazo linatoka, na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Mimi na ujumbe wangu wa heshima ndiye niliyekaribia kukosea!

Kwa hiyo chagua upande kabla hujatoa pochi. Ukitaka kujitegemea, piga picha zako, andika maneno yako, na mchapaji wa kampeni mwepuke. Andika kwenye karatasi nani amelipa, anapatikana wapi, na kwamba mgombea hakuidhinisha. Ukipita dola 250 kwa mwaka katika uchaguzi mmoja, toa taarifa FEC. Na kama jana ulikuwa ofisini kwao ukisikia mipango, usijidanganye kwamba leo unajitegemea.

Ukitaka kuwa karibu naye, jitolee. Muda wako usiolipwa hauhesabiwi. Hata ukimwalika nyumbani kwako, chakula, vinywaji na mialiko hadi dola 1,000 kwa kila uchaguzi si mchango.

Sisi tuliishia hapo. Mke wangu alipika pilau, watu wakajaa hadi kwenye ngazi, na mgombea akarudia sahani. Yule ofisa alikaa pembeni na kachumbari yake, akanikonyeza: "Hii sasa naweza kuifungua."