Watu 4, majina 11 kwenye git: usiandike historia upya, tumia mailmap

Mkuu, umeuliza kwa nini ripozitori (hifadhi ya mradi) ya watu 4 kwenye git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, inaonyesha majina 11, na kama uandike upya historia yote ili majina yakae sawa. Usiandike upya. Mimi niliwahi kufanya hivyo.

Git haina akaunti. Kila komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye historia, inabeba jina na imeli kama zilivyowekwa kwenye mashine iliyoitengeneza, na hakuna anayekagua. Leo umetumia laptopu ya ofisini, kesho ya nyumbani, keshokutwa umeunganisha tawi (mkondo wa kazi uliotengwa) kupitia tovuti ya GitHub ukiwa umeficha imeli yako, nayo ikaweka anwani inayoishia na users.noreply.github.com. Mtu mmoja tayari ana majina matatu. Endesha `git shortlog -sne` uwaone wote pamoja na idadi ya komiti zao.

Sasa kilichonikuta. Heshi ya komiti, yaani kitambulisho chake, hukokotolewa kutokana na vilivyomo ndani yake, yakiwemo jina na imeli ya mwandishi na heshi ya komiti iliyotangulia. Ukigusa moja, zote zinazoifuata zinabadilika. Komiti zetu za mwanzo zilikuwa sawa, nikarekebisha kuanzia katikati na kusukuma kwa nguvu usiku, yaani kuweka historia yangu mahali pa ile iliyokuwa kwenye seva. Asubuhi mwenzangu akavuta, akaona tofauti, akaziunganisha kwa nia njema na kusukuma. Historia ya zamani na mpya zikakaa pamoja, kazi ileile ikionekana mara mbili. Heshi tulizokuwa tumezitaja kwenye ripoti za hitilafu hazikuwamo tena kwenye historia niliyoisafisha. Tulitumia siku mbili kurudisha hali.

Unachohitaji ni faili moja tu, `.mailmap`, kwenye mzizi wa ripozitori: inaiambia git majina yapi ni ya mtu mmoja, bila kugusa komiti. Hata kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo endeshi) inayo. Mfano:

Asha Juma <asha@example.com> <asha@laptopu.local>
Asha Juma <asha@example.com> asha_j <root@localhost>

Kushoto ni unavyotaka aonekane, kulia ni kilichoandikwa ndani ya komiti. Mstari wa pili una jina la zamani pia, na usiliache: root@localhost, ya akaunti ya msimamizi wa mashine, inaweza kuwa ya watu watatu tofauti, na ukiweka imeli peke yake utampa Asha kazi ya wote. Hakikisha kwa `git check-mailmap "asha_j <root@localhost>"`.

`git shortlog` na `git blame` (inayoonyesha nani aliandika kila mstari) huisoma faili hiyo zenyewe. `git log` imeanza kuisoma bila kuambiwa tangu toleo 2.23 la mwaka 2019. Kwenye matoleo ya zamani ongeza `--use-mailmap`. Kama una skripti zinazotumia `%an` na `%ae` (jina na imeli kama zilivyo kwenye komiti), badilisha ziwe `%aN` na `%aE` (zilizopitia mailmap). Grafu ya wachangiaji ya GitHub haiiangalii kabisa: yenyewe hulinganisha imeli na akaunti, hivyo kila mmoja aongeze imeli zake za zamani kwenye akaunti yake.

Kuna jambo moja mailmap haiwezi, nalo bado linaniuma. Inaunganisha, haitenganishi. Tulikuwa na vijana wawili wa mafunzo kazini waliogawana laptopu moja yenye jina la mmoja wao. Miezi mitatu ya kazi ya wote wawili ikasomeka kama ya mtu mmoja. Yule wa pili alipoomba barua ya kuthibitisha alichofanya, tulikaa naye kupitia komiti moja moja, akikumbuka hii yangu, hii ya mwenzangu. Nyingine hakuna aliyekuwa na uhakika nazo. Kijana amefanya kazi usiku na mchana, halafu haionekani popote.

Kwa hiyo weka hii leo kwenye kila mashine: `git config --global user.useConfigOnly true`. Git itakataa kukisia imeli kutokana na jina la mashine. Kwenye mashine ya pamoja usiweke jina la mtu kwenye mpangilio wa jumla. Kila mtu awe na akaunti yake ya kuingilia kwenye kompyuta. Na kama laptopu yako ina kazi za ofisi na zako binafsi, sehemu ya `includeIf "gitdir:~/kazi/"` kwenye faili ya mpangilio ya git itabadilisha imeli kulingana na folda.

Kabla hujaandika mailmap, muulize kila mtu anataka aitweje. Dada mmoja kwetu alikuwa ameolewa na kubadilisha jina la ukoo. Mimi nilidhani atataka jipya, kumbe alitaka lilelile lililo kwenye vyeti vyake. Tena faili hiyo inaonekana na kila mwenye ripozitori, ikiweka jina la zamani na jipya ubavu kwa ubavu. Kuna asiyetaka hilo, na uamuzi ni wake.

Ukikwama kwenye hizo za root, bandika hapa matokeo ya shortlog tuyaangalie pamoja, ila ficha kwanza imeli za wenzako.