Macho hayahesabu mbegu

Manii yangu ni mepesi kama maji, na mke wangu ni mwezi wa nane hajashika mimba. Mbegu zangu ni dhaifu? (Msomaji, Morogoro)

Kaka, wepesi peke yake hautoshi kukwambia. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya manii. Kilichobaki ni majimaji ya tezi, ikiwemo tezi dume. Kuna mwenye manii mazito, meupe, na kwenye hadubini haionekani hata mbegu moja. Mwingine yake ni mepesi kwa sababu tu jana alikutana na mkewe mara mbili. Tena manii hutoka yakiwa mazito kama ute, kisha huyeyuka yenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa. Wengi huyakuta yameshalainika wakashtuka bure.

Miezi minane bado si ugumba. Tunahesabu mwaka mzima wa kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita kama mkeo amevuka miaka 35.

Mke wangu akisimama tu, manii yanamwagika. Mimba itaingia kweli?

Inaweza kuingia. Mbegu zenye mbio huwa zimeshapita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Asijitese kuinua miguu ukutani.

Daktari ameniandikia kipimo cha manii. Naona aibu, kinafanywaje?

Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Maabara watakupa kikopo chenye mfuniko. Unajichua mwenyewe, bila mate, sabuni wala mafuta, na usitumie kondomu ya kawaida. Tone la kwanza lisipotee, ndilo lenye mbegu nyingi, likimwagika, waambie. Ukitolea nyumbani, kiweke kikopo ndani ya shati karibu na mwili kisipoe, kifike ndani ya saa moja.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka viwango vya chini: manii mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na zinazotembea asilimia 42. Ukiwa chini ya hapo, hiyo si hukumu, kipimo hurudiwa. Mbegu hutengenezwa kwa miezi miwili na zaidi, hivyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo.

Aibu yako naielewa, lakini inaniuma kuona mama aliyepigwa picha ya mirija, akanywa vidonge na mitishamba miaka minne, na mumewe hajawahi kushika hicho kikopo. Karibu nusu ya wanaohangaika kupata mtoto, tatizo liko kwa mwanamume pia. Nenda kaka, tena mngeanza wote wawili siku moja.

Nachoma sindano za testosteroni gym. Zinaongeza mbegu?

Zinazipunguza, na wengine hubaki bila mbegu kabisa. Ubongo ukiona homoni hiyo ya kiume imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mweleze daktari ukweli wote. Wengi hurudi hali yao, ila huchukua miezi.

Nimeona damu kwenye manii. (Msomaji, Pemba)

Kwa kijana mara nyingi hupita yenyewe, lakini usikae nayo kimya. Kama ulikua ukioga mitoni au kulima mpunga, omba upimwe kichocho cha mkojo, kinatibika kwa prazikwanteli. Wapime pia magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia, na kama umevuka miaka 40, tezi dume. Ukiwa na homa au korodani imevimba, nenda leo.