Protini haielei tu kwenye mafuta: ninavyoyaona kutoka benki ya damu

Mkuu uliyeanzisha uzi, swali lako ni zuri kuliko majibu uliyopewa mpaka sasa. Umesema mwalimu kawachorea utando wa seli, tabaka mbili za mafuta na protini zimechomekwa hapa na pale, ukauliza kama hayo mafuta yana kazi yoyote zaidi ya kuzibeba hizo protini, na kama mafuta tunayokula yanaubadilisha utando. Mdau mmoja hapo juu kakujibu kwamba mafuta ni ukuta tu, kazi yote ni ya protini, usijichoshe. Mimi nipo maabara, upande wa benki ya damu, na seli nyekundu ndizo nashinda nazo kutwa. Kwa ninayoyaona huku, huyo mdau kakupotosha.

Seli nyekundu inafaa kwa swali hili kwa sababu ikishakomaa haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo utando uliopo ni ule wa nje tu. Ndiyo maana watafiti waliuanzia huo. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, waliyatoa mafuta ya seli nyekundu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Wazo la tabaka mbili likazaliwa hapo. (Baadaye ikaonekana asetoni haikuyatoa mafuta yote, na eneo la seli nalo walilikadiria dogo kuliko lilivyo, kasoro mbili zikafutana. Bahati nayo ina nafasi yake maabara.) Ila ukipima kwa uzito, karibu nusu ya utando ule ni protini. Ile michoro yenye protini mbili tatu kwenye uwanja mpana wa mafuta inadanganya. Kumesongamana mle.

Sasa chukua kundi la damu la Rh. Mwenye D tunamwandika chanya, asiye nayo hasi. Hiyo D ni protini inayoupita utando mara 12, ikiingia na kutoka. Kila kipande kinachopita katikati kimejizungusha kama springi, yaani heliksi, yenye amino asidi (vijenzi vya protini) 20 hivi, nyingi zikiwa za aina isiyopatana na maji. Kwa nini 20? Sehemu ya ndani ya mafuta, ile ya mikia ya molekuli zake, ina unene wa kama nanomita 3, na kila amino asidi kwenye heliksi inaongeza urefu wa nanomita 0.15. Zidisha mwenyewe uone. Urefu wa protini umekatwa kwa kipimo cha mafuta. Na vipimo hivyo viwili vikipishana, lazima kimoja kimfuate mwenzake: ama mikia ya mafuta iliyo jirani na protini ijinyooshe au ijibane, ama protini yenyewe ilale upande. Kama protini hiyo ni mlango wa chumvi, kulala kidogo tu kunaweza kuamua ufunguke au ubaki umefungwa.

Kuna jaribio moja la mwaka 1968 ambalo huwa nalitaja kwa kila mwanafunzi anayekuja fildi kwetu. Ukichukua utando wa seli zenye D ukauondolea mafuta kwa butanoli, anti-D, yaani kingamwili inayoishika D, haiitambui D tena. Protini haijaenda kokote, imo mle mle. Rudisha fosfolipidi, yale mafuta makuu ya utando, na D inasomeka upya. Maana yake anti-D inashika umbo, na umbo la vile vipande vilivyochomoza nje linashikiliwa na mafuta yaliyopo ndani. Kwa makundi ya A na B mambo ni tofauti, kwa sababu hizo ni sukari: nyingine zimening'inia kwenye protini, nyingine zimeshikizwa kwenye mafuta moja kwa moja, na hazijali sana protini imejikunja vipi.

Halafu kuna Lewis, kundi lingine la damu ambalo wengi mnalipita haraka kwenye noti. Antijeni za Lewis, yaani alama za kundi hilo, hazitengenezwi na seli nyekundu kabisa. Ni mafuta yenye sukari yanayosafiri kwenye plazma (maji ya damu), yakifika kwenye utando yanajipenyeza na kukaa. Ndiyo maana mama aliyewahi kusomeka Lewis b anaweza kupimwa akiwa mjamzito akaonekana hana Lewis yoyote, kisha baada ya kujifungua ikarudi. Na seli za mchangiaji zikishaongezwa kwa mgonjwa, ndani ya siku chache zinabeba Lewis ya mgonjwa. D haifanyi hivyo hata siku moja. Seli ikitoka kwenye uboho na D yake, itakufa nayo baada ya siku 120 hivi. Mafuta yanabadilishana na plazma muda wote, kolesteroli ikiwemo, kwa kuwa seli nyekundu haiwezi kujitengenezea yake.

Matokeo ya kubadilishana huko unayaona kwa macho. Weka kwenye hadubini slaidi ya mgonjwa ambaye njia yake ya nyongo imeziba: utakuta seli shabaha, doa jekundu katikati, pete nyeupe, kisha pete nyekundu nje. Kolesteroli na fosfolipidi vimezidi kwenye plazma, vimehamia kwenye utando, eneo la utando limekuwa kubwa kuliko kilichomo ndani, basi pale katikati panajikunja. (Usikimbilie kuandika ugonjwa wa ini kwa kuona hizo peke yake, wenye selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, nao wanazo, kwa sababu nyingine.) Ini likiharibika zaidi, kolesteroli ikazidi peke yake bila fosfolipidi, utando unakakamaa na seli zinaota miiba. Hizo bandama haiziachii.

Kinyume chake ndicho kinachonishawishi zaidi. Chini ya utando wa seli nyekundu kuna wavu wa protini ya spektrini, umefungwa kwa protini iitwayo ankirini kwenye nyingine inayoupita utando, inaitwa bendi 3. Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye mojawapo ya hizo. Tatizo ni la protini, lakini kinachopotea ni mafuta: pale wavu unaposhindwa kuyashika, yanamegeka vijipovu vidogo vidogo na kwenda zake. Eneo linapungua, ujazo uko pale pale, seli inakuwa mviringo kama gololi. Kwenye slaidi ni ndogo, imeiva wekundu, haina ule weupe wa katikati. Seli ya kawaida ina utando wa ziada, ndiyo maana inaweza kujikunja ikapenya kwenye nyufa za bandama. Hii haina, inanasa humo na kuliwa. Ukiitia kwenye maji ya chumvi dhaifu inapasuka mapema. Ya kawaida huanza kupasuka chumvi ikishuka chini ya asilimia 0.5 hivi, hii inatangulia.

Ugonjwa wenyewe wa kurithi kwetu ni wa nadra, umezoeleka zaidi Ulaya ya kaskazini. Seli za mviringo tunazokutana nazo sana huku ni za kichanga mwenye A au B aliyezaliwa na mama O. Kingamwili za mama zinazishika seli, makrofaji (seli za kinga zinazomeza) zinauma kipande cha utando, kinachobaki kinajiziba na kuwa duara. Hata mfuko wa damu kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 6, unapitia kitu cha aina hiyo. Kadiri unavyosogelea siku ya 35, seli zinamwaga vijipovu, na pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayorudisha potasiamu ndani ya seli, ikiwa imelala kwa baridi, potasiamu inajaa kwenye plazma. Ndiyo maana kichanga anayeongezewa damu nyingi tunamtafutia mfuko mpya.

Umegusia malaria pia. Tafuta habari za Dantu, aina ya damu inayopatikana sana pwani ya Kenya. Ni protini mbili za utando, glikoforini A na B, zilizochanganyika kijenetiki. Utafiti wa damu za watoto wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba utando wa seli hizo umekazwa zaidi, na ukikazwa kupita kiwango fulani kimelea cha malaria aina ya falsiparumu kinashindwa kuingia. Badiliko la protini, mkazo wa utando mzima.

Kuhusu mafuta ya kula: ndiyo, asidi za mafuta kwenye utando hufuata chakula kwa kiasi. Kuna maabara zinazopima omega-3 ya mtu kwenye seli zake nyekundu badala ya plazma, kwa sababu haipandi na kushuka kwa mlo mmoja wa samaki. Ukienda fildi omba wakuonyeshe slaidi ya kile kichanga wa mama O, halafu uje hapa na maswali ya bendi 3, maana hiyo sijaigusa hata robo.