Acheni kuniuliza rampu, niulizeni sakafu

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji ndefu, anasema yeye na wenzake wamepata sehemu ya kuteleza na skeitibodi chini ya daraja, imetelekezwa, wana hela kidogo, je waanze na rampu, ule mteremko wa kutelezea, ya urefu gani. Nikacheka, halafu nikakasirika kidogo, maana ndo swali la kila mtu. Sakafu hakuna anayeiuliza.

Sikia mdogo wangu. Spoti yetu sisi, yaani sehemu yetu ya kuteleza, ilikuwa sakafu ya jengo lililobomolewa, kuta zishaondoka zamani, limebaki zege tupu limejaa kifusi, chupa zilizopasuka na vitu vingine ambavyo sitavitaja hapa. Tukafagia, tukafagia tena, tukaziba nyufa kwa simenti na mchanga laini, tukasubiri mvua inyeshe tuone maji yanatuama wapi. Hatujajenga kitu bado na tayari watu wanateleza! Gurudumu la skeitibodi ni dogo na gumu, nyingi zina kipenyo cha milimita 50 na kitu tu, kakokoto kamoja kanalikwamisha, bodi inabaki pale na wewe unaendelea na safari peke yako.

Rampu ikaja baadaye, na ni nzuri, naisema mwenyewe. Tumbo lake ni kifusi kilekile tulichokifagia, tumekishindilia, juu tukatandaza wavu wa nondo ndo likaja zege. Ndoo moja simenti, mbili mchanga, tatu kokoto ndogo, maji kidogo sana, kwa sababu zege jepesi kwenye mteremko linashuka lote chini na kukuachia kitambi. Tulikata plaiwudi kwa mkunjo tuliotaka, tukawa tunaiburuta kutoka upande huu mpaka ule, panapozidi unakwangua, panapopungua unaongeza. Juu kabisa bomba la chuma, limechomoza kidogo tu. Piga niru kwa mwiko wa chuma mpaka uso uwe laini, funika na nailoni, mwagilia siku 7. Siku 7 jamani, sio mbili! Na benchi la kusaga, lile la kuburuzia vyuma vya chini ya bodi, lifungie chuma cha pembe ukingoni, zege peke yake linamegeka upesi.

Halafu wakaja wakubwa fulani na kamera. Wakapiga picha juu ya rampu yetu, wakatangaza ni mradi wa vijana waliouwezesha wao, na mfuko wa simenti hawakuwahi kuleta hata mmoja. Bado inaniuma, sidanganyi.

Kuhusu kibali, najua mtaniletea habari za Burnside, ule uwanja wa skeitibodi. Kweli, kule Portland, Marekani, mwaka 1990 jamaa walianza kumwaga zege chini ya daraja bila kuomba ruhusa na jiji likaja kukubali baadaye. Ila walikubaliwa kwa sababu pale mahali palikuwa pabaya na wao wakapafanya pakapitika, majirani wakawa upande wao. Southbank ya London hawakujenga hata, walikuta sakafu na miteremko ya jengo wakaanza kuteleza toka miaka ya 70, na walipotakiwa kuondoka watu kibao wakasimama nao mpaka 2014 yakafikiwa makubaliano wabaki. Sasa wewe unapiga kelele usiku kucha, unaacha takataka, unamjibu mzee wa jirani vibaya, tingatinga likija nani atakutetea? Salimia watu. Fagia mpaka upande wa kwao. Watoto wakija kushangaa wape bodi wajaribu, mama zao ndo watakaokuwa mashahidi wako.

Na yule asiyeshika ufagio asishike mwiko, hili sibishani na mtu.

Kwa hiyo kijana wangu, picha ya daraja nimeiona, imetosha. Nitumie ya sakafu, iliyopigwa saa moja baada ya mvua, ndo tutaongea rampu ikae wapi.