Manowari anazo, ndege anazo, kambi za nje za nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, hapa kijiweni tumebishana mpaka basi. Marekani ana manowari 11 za kubeba ndege na ndege zake zinajazwa mafuta angani, sa kwa nini bado anang'ang'ania kambi Djibouti, Ujerumani, Kuwait? Na mwenye nchi anapata nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya kuja kufundisha hapa Arusha nilikuwa ugavi jeshini, kwa hiyo nakujibu kiugavi, manake huko ndo kambi inakolipa.

Chukua kifaru cha Abrams, kina tani zaidi ya 60, ile ndege kubwa ya mizigo C-17 inabeba kimoja tu kwa safari. Brigedi moja ya vifaru inavyo zaidi ya 80, hujagusa mizinga, risasi, spea wala mafuta, utaruka mara ngapi? Ndo maana Marekani kaviweka vingine Kuwait kabisa, viko ghalani vinafanyiwa sevisi, vita ikinuka anapakia askari tu kwenye ndege wakifika wanawasha wanaondoka. Hizo manowari 11 nazo haziko baharini zote, kila wakati kuna zilizoko matengenezo, na inayotoka kwao mpaka Bahari ya Shamu inakula zaidi ya wiki njiani. Djibouti we ushafika. Bab el-Mandeb, ule mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, pale pembamba ni kama kilomita 30, haifiki hata nusu ya barabara ya Moshi–Arusha, na ng'ambo ni Yemen. Afu kuna majeruhi, hili watu wanalisahau sana: walioumia Iraq na Afghanistan walikuwa wanapelekwa kwanza hospitali ya Landstuhl Ujerumani, jirani na uwanja wa Ramstein, wakitulia ndo wanavushwa Atlantiki.

Ila ruhusa ni ya mwenyeji. Machi 2003 bunge la Uturuki lilipiga kura kama askari wa Marekani waruhusiwe kupita kwenda Iraq, 264 ndiyo, 250 hapana, 19 hawakuegemea popote, ikaonekana ndiyo hazijafika zaidi ya nusu ya waliokuwepo, basi ruhusa ikakwama. Vifaa vya divisheni nzima vilikuwa melini vinasubiri kushushwa Uturuki, ikabidi vizungushwe mpaka Kuwait na vita ikaanza bila wao. Niger nayo 2024 iliwaambia watoke, wakaacha uwanja wa Agadez uliowagharimu zaidi ya dola milioni 100.

Mwenye nchi anapata kodi, na Djibouti wamecheza vizuri hapo, kawapangisha Marekani, Ufaransa, Japani na China wote, hakuna mpangaji wa kumtingisha. Lakini Diego Garcia, kisiwa cha Bahari ya Hindi kwenye visiwa vya Chagos chenye kambi ya Marekani, wenyeji wa Chagos waliondolewa wote kati ya 1968 na 1973 kupisha kambi, na hao kodi gani itawafidia? Kwa hiyo mkirudi kijiweni ulizaneni mkataba unasemaje: ndege ikiruka kwenda kupiga nchi ya tatu nani anaruhusu, na askari mgeni akiua raia anashtakiwa mahakama ya nani.