Bega Gumu: Uliza Sukari Kabla ya Kulaumu Mzigo

Ukianza kazi ya tiba ya viungo Lamu, sababu ya bega gumu utakayoisikia kila siku ni mzigo. Hamali wa gatini atakwambia hivyo, na mama anayekuna nazi naye atakwambia hivyo. Msikilize, lakini usiandike bado. Pima kwanza.

Mkalishe, akibane kiwiko ubavuni na kukikunja nyuzi 90. Auzungushe mkono kwa nje mwenyewe, kisha umzungushie wewe taratibu na kulinganisha na upande mzima. Tuliza bega kwa mkono wako wa pili, la sivyo atageuza kiwiliwili na wewe udhani bega limesogea. Akishindwa yeye na wewe ukafaulu, shuku kano, hasa kwa fundi wa jahazi wa Matondoni anayekalafati mbao zilizo juu ya kichwa chake. Mkigonga ukuta nyote wawili, huenda ndilo bega gumu lenyewe: kifuko cha kiungo kimenenepa na kusinyaa. Piga eksirei hata hivyo: kiungo kilicholika au bega lililoteguka kwa nyuma hugoma vivyo hivyo, na hilo la pili hupita bila kuonekana kwa walioanguka kifafa.

Sasa uliza. Wengi wenye bega gumu wana miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi. Kisukari ndicho cha kutafuta mwanzo, na wapo wasiojua kuwa wanacho, kwa hiyo mpime sukari kabla hajaondoka. Ukiruka hapo, sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe begani, inaweza kumpandishia sukari siku kadhaa bila mtu kujua. Ugonjwa wa tezi ya shingo nao uulizie, kwani huambatana na bega gumu.

Kisha kuna mkono uliotulizwa mno. Mtu kaanguka kutoka kwa punda, kavunjika, kafungwa kitambaa shingoni, na hakuna aliyemwambia lini aanze kuuning'iniza na kuuyumbisha. Upasuaji wa titi huleta hali hiyohiyo. Kwa aliyepata kiharusi, zungumza na wanaomuuguza: wasimwinue kitandani kwa kumvuta mkono uliopooza, wamshike mgongoni na kiunoni.

Kukandwa kwa nguvu wakati maumivu bado yanamkesheza usiku huzidisha uchungu. Mwambie mapema kwamba kupona kwa mwaka mmoja hadi mitatu ni kawaida, asije akahama kutoka kwa mkandaji mmoja hadi mwingine. Andika nyuzi za mabega yote mawili siku ya kwanza. La pili huweza kufuata miaka kadhaa baadaye.